Maji Yanayochelewa

Mwaka 1828, katika mji wa Yakutsk huko Siberia, mfanyabiashara Fyodor Shergin aliwapa watu kazi ya kumchimbia kisima. Walichimba miaka tisa. Kufikia 1837 walikuwa mita 116 chini ya ardhi na hawajapata maji, maana udongo ulikuwa umeganda tangu karibu na juu hadi pale walipokata tamaa. Shergin alikosa maji, ila shimo lake likapata umaarufu. Katika miaka ya 1840 mwanasayansi Alexander von Middendorff alishusha vipimajoto humo, na wasomi wa Ulaya wakaanza kuwa na namba za kueleza jambo ambalo wenyeji wa Siberia walilijua bila namba: kwamba chini ya miguu yao kuna ardhi isiyoyeyuka hata jua la kiangazi likiwaka usiku na mchana.

Sisi wa Njombe baridi tunaijua. Juni na Julai tunaamka na kukuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, na mtu aliyeshuka stendi na shati jepesi la Dar es Salaam hutambulika kabla hajafungua mdomo. Lakini udongo wetu haugandi ukawa jiwe, na jembe letu huingia ardhini mwaka mzima. Baridi ya Yakutsk si ya kulinganisha na yetu. Kilichonivuta katika kisa cha Shergin ni maji, na hasa swali la maji huenda wapi yakikatazwa kwenda chini.

Nyanda za kaskazini ya mbali, zile zinazoitwa tundra, hupata mvua na theluji kidogo mno. Sehemu nyingi hazifikishi milimita 250 kwa mwaka. Dodoma, ambayo tunaisema kwa ukame, hupata zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hesabu ya mvua peke yake tundra ingekuwa jangwa, na bado picha zake za angani wakati wa kiangazi huonyesha maziwa yasiyohesabika, madimbwi, tope na vinamasi hadi upeo wa macho. Sababu ni ile ile iliyomnyima Shergin kisima. Jua huyeyusha tabaka la juu tu, pengine nusu mita, pengine mita nzima, na chini yake sakafu ya barafu inabaki imefunga. Kila tone linaloanguka hukaa katika tabaka hilo jembamba, likisogea pembeni polepole kufuata mteremko, mara nyingi mteremko ambao jicho haliuoni.

Kwenye vilima vya Alaska kuna mistari ya kijani kilichokolea inayoshuka kutoka juu hadi chini bila mfereji wala kingo. Wanaochunguza maji ya huko huiita njia za maji. Ni mahali ambapo maji yanayopita katikati ya mizizi yamekusanyika kidogo kuzidi jirani zake, na nyasi zimenenepa kwa sababu hiyo. Mto haupo, na ukiinama kuutafuta hutauona. Maji yapo, yanatembea, na dalili yake pekee ni rangi.

Mistari hiyo naifahamu. Ukitoka mjini Njombe kuelekea Makete mwezi Septemba, vilima vimegeuka rangi ya kahawia na upepo unainua vumbi la mashamba yaliyovunwa, lakini katika kila mkunjo wa kilima kuna mstari wa kijani unaoteremka kuelekea bondeni. Watoto wa kuchunga wanaujua, kwa sababu ng'ombe huelekea huko bila kuswagwa. Mgeni hapiti akauona. Anatafuta mto, na mto kwa maana yake ya mto uko mbali.

Tumezoea kuipima nchi kwa mvua yake. Mkoa huu una mvua nzuri, ule hauna, basi huu una maji na ule hauna. Tundra inaivuruga hesabu hiyo kabisa, na Njombe inaivuruga pia kwa namna yake. Kinachoamua kama mtu atachota maji Oktoba ni muda ambao mvua ya Februari imekubali kukaa. Nchi yenye mvua nyingi inayoondoka upesi ni maskini wa maji kwa nusu ya mwaka. Ile yenye mvua kidogo isiyoweza kuondoka inaweza kuwa kinamasi.

Tuanze na kilima. Njombe ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na sehemu kubwa ya nyanda zake za juu hupata zaidi ya milimita 1,000. Kisha inakuja kipupwe, halafu kiangazi, na kwa miezi kadhaa hakuna mvua ya kuisimulia. Hata hivyo mto Ruhudji huendelea kuporomoka pale pembeni mwa mji, Septemba na Oktoba pia. Ni maji ya lini hayo?

Mvua ikinyesha juu ya kilima chekundu chenye nyasi, sehemu kubwa haikimbii juu ya ardhi. Inazama. Udongo wa huku ni wa kina kirefu, umetokana na mwamba wa kale uliooza papo hapo ulipo, na chini yake kuna mwamba uliooza nusu, ambao bado una sura ya jiwe lakini ukiufinya unavunjika kiganjani. Maji hushuka humo taratibu mpaka yakutane na mwamba mzima, kisha hugeukia pembeni. Safari kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, umbali ambao mtoto aliyetumwa dukani huukimbia bila kupumzika, inaweza kuyachukua miezi. Yakifika bondeni hukuta tabaka la mfinyanzi wa kijivu, zito, lisilopitisha kitu, na juu yake udongo mweusi uliojaa mizizi na majani yaliyooza. Hapo hayana njia ila kupanda. Ndiyo maana bonde lina tindiga wakati kilima kinatimka vumbi, na ndiyo maana Ruhudji wa Septemba ni mvua ambayo ilinyesha wakati mahindi yalikuwa bado mabichi.

Siberia sakafu ni barafu, na kwetu ni mwamba na mfinyanzi. Kazi yake ni ile ile ya kukataa, na mabonde yetu yameumbwa na kukataa huko.

Upande wa Makete kuna ardhi ya namna nyingine, na hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo kwa sababu ni mahali ninapopapenda kuliko pengine popote. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, na mlima Mtorwi uliopo jirani hufikia mita 2,961. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 pakawa Hifadhi ya Taifa, hifadhi iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua. Watalii wanakuja Desemba hadi Aprili kutazama okidi. Wakati huo huo kuna watu wanaochimba viazi vya okidi hizo hizo na kuvipeleka Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Biashara hiyo imezikausha okidi katika sehemu nyingi. Wachache wanaofika Kitulo hutazama chini ya maua.

Chini ya maua kuna majivu. Mlima Rungwe na ndugu zake wamelipuka mara kadhaa, na mlipuko mmoja mkubwa wa Rungwe, yapata miaka 4,000 iliyopita, ulimwaga mawe mepesi yenye matundu juu ya nchi yote ya jirani. Udongo unaotokana na majivu ya volkano ni mwepesi, mweusi, na una nafasi nyingi sana ndani yake. Mvua ya Kitulo huingia humo karibu yote. Baridi na ukungu hufanya jua lisiweze kuyarudisha maji juu kwa haraka, na nyasi fupi za huko hazina mizizi ya kwenda kuyafuata mbali. Kwa hiyo uwanda unanyonya kwa miezi sita na kuachia kwa miezi sita. Vijito vinavyotokea kingoni mwake havianzi na chemchemi ya kupigwa picha. Ukifuata kijito kwenda juu, kwanza unaona maji, kisha tope, kisha nyasi laini, kisha nyasi za kawaida, na hakuna hatua ambayo unaweza kusema hapa ndipo mto unapoanzia.

Kutoka kwenye nyanda hizi za mkoa mmoja maji hugawanyika vibaya sana, kwa maana nzuri ya neno hilo. Yanayoshuka kaskazini, kupitia Kipengere, huingia uwanda wa Usangu na kuwa Ruaha Mkuu. Yanayokwenda mashariki na Ruhudji hukutana na Mnyera na kuwa Kilombero, mto unaoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake na hivyo kuligusa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Mengine huporomoka kusini na magharibi hadi Ziwa Nyasa, yakatoka huko kwa mto Shire, yakaingia Zambezi na kuishia Msumbiji. Mvua mbili zilizoangukia pande mbili za mgongo mmoja zinaweza zisikutane tena mpaka baharini, na hata huko ni mbali.

Nimesema baridi yetu si ya Siberia, lakini nayo ina habari yake. Usiku mweupe usio na mawingu, mgongo wa kilima hupoteza joto, hewa iliyougusa inakuwa nzito na kuanza kuteremka. Inafuata mikunjo ile ile inayofuatwa na maji, inajikusanya katika mabonde yale yale. Asubuhi sakitu iko chini, juu hakuna. Mkulima mwenye viazi mlimani anasalimika na ndugu yake wa bondeni analia. Wazee walijenga nyumba zao katikati ya mteremko, juu ya ukungu na chini ya upepo, na sidhani walihitaji mtu wa kuwaeleza sababu.

Ukitaka kuona udongo wa Afrika Mashariki ukiganda kweli itabidi upande zaidi, hadi Kibo au Mlima Kenya. Juu kule, kila usiku ulio wazi, maji ya udongoni huvutwa kwenda mahali pa baridi. Yanapanda, yanaganda karibu na uso wa ardhi na kusimama kama sindano, yakinyanyua vijiwe na chembe za udongo. Saa tatu asubuhi yameyeyuka, vijiwe vimeanguka, vimesogea kidogo kuelekea chini. Usiku unaofuata kazi inaanza tena. Mteremko mzima unatembea kwa hatua ambazo hazizidi urefu wa ukucha. Maji ambayo tumefundishwa shuleni kwamba hufuata mteremko, hapo yanakwenda juu, kwa sababu ya baridi tu.

Na kwa kuwa Kibo imetajwa, kuna dhana moja ningependa iondoke vitabuni. Tangu mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na watu wengi huamini kwamba ikiisha mito ya Moshi itakauka. Barafu ile kwa hakika inasikitisha kuipoteza, lakini mchango wake kwa mito ni mdogo. Mito ya Kilimanjaro hulelewa na ukanda wa msitu, unaopata mvua nyingi na kunasa ukungu, pamoja na udongo wa volkano unaoyachelewesha maji hayo. Tumeikodolea macho barafu kwa sababu inaonekana kutoka Nairobi. Udongo hauonekani kutoka popote.

Turudi bondeni, maana huko ndiko kuna ugomvi.

Kilimo cha vinyungu ni cha zamani katika nchi ya Wabena na Wahehe. Mvua zikiisha, watu hushuka kwenye mabonde yenye unyevu, wanachimba mifereji midogo na kuinua matuta mapana kati yake, kisha wanapanda mahindi, maharage, viazi, mboga. Maji hayafiki kwa pampu wala kwa ndoo. Yanapanda yenyewe kutoka chini ya tuta. Mahindi mabichi ya kuchoma unayonunua Makambako kando ya barabara kuu kabla mvua hazijaanza yametoka kwenye kinyungu cha mtu. Na kwa sehemu kubwa mtu huyo ni mwanamke, kwa sababu shamba la mlimani, lenye miti ya kuuza, mara nyingi lina jina la mwanamume.

Agosti moja nilishuka kwenye bonde lisilo mbali na mji. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama katika mfereji wake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Pita juu ya tuta, huko utazama."

Alikuwa amekata bonge la udongo lenye nyasi na kulishindilia mdomoni mwa mfereji. Nilimuuliza mbona anauziba wakati aliuchimba mwenyewe.

"Nilichimba ili viazi visioze. Sasa vimeshika. Nikiyaacha yaende yote, Oktoba nitakuwa na nini?"

"Na jirani wa huko chini?"

"Akilalamika namfungulia. Kuna siku zake."

Nikamuuliza pia kuhusu sakitu. Akasema kinyungu kilichokauka ndicho kinachoungua kwanza. Sikuwa nimelifikiria, ingawa ni jambo la fizikia ya kawaida: udongo wenye maji hubeba joto la mchana na kulitoa usiku, ule uliokaushwa hauna cha kutoa. Mfereji uliochimbwa kwa pupa unampotezea mkulima maji ya Oktoba, na kabla ya hapo unaweza kumchomea viazi vya Julai.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Ni sheria yenye nia njema, na kwa mto wenye kingo haina utata. Lakini ukishika kamba ya mita 60 katika bonde la kinyungu, utaifunga wapi? Kingo ziko wapi katika mahali ambapo maji yako chini ya nyasi, upana wa bonde zima, na mkondo unaoonekana katikati ni sehemu ndogo tu ya mto wenyewe? Ukipima kutoka kwenye mkondo utaruhusu watu walime mahali ambapo ndipo maji yanapokusanyika. Ukipima kutoka kwenye ukingo wa unyevu, bonde lote na nusu ya mteremko vimekwisha kupigwa marufuku. Nimesikia hoja kali za pande zote mbili kuhusu kufukuza watu vinyungu. Kwangu mimi zote zinauchukulia mto kuwa ni mstari, na mabonde haya hayana mstari.

Wanaotaka vinyungu vifungwe wana sababu nzito, nayo ni Ruaha Mkuu. Mto huo ulikuwa ukipita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, viboko wakibanana kwenye vidimbwi, na mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambayo kwa muda mrefu yaliwasha taa za nchi hii, yakilalamikiwa kila kina kinaposhuka. Mwaka 2001, jijini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika na mto ukakatika. Kati ya tarehe hizo mbili wafugaji waliondolewa Usangu na kinamasi cha Ihefu kikaingizwa kwenye hifadhi. Mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga yalikuwa tayari na mifereji yake, na wakulima wadogo wa mpunga walizidi kuongezeka nyuma yake.

Ihefu yenyewe inaeleza jambo lote kuliko hotuba. Maji ya kinamasi hicho yanatoka kwa mlango mmoja, Ng'iriama, ambako kuna kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kwenda hifadhini. Yakishuka chini yake hata kidogo, mto unakatika palepale, ijapokuwa nyuma ya kizingiti kumejaa maji. Kwa hiyo kinachoamua ni yale machache yanayofika Ihefu Septemba na Oktoba, wakati mvua ilishasahaulika, na hayo yanatoka milimani, yaliyochelewa. Mafuriko ya Machi hayawezi kuyalipia. Yalishapita zamani, yako Bahari ya Hindi.

Tunapoulizwa nani ayalinde hayo yaliyochelewa, jibu linalokuja upesi ni miti. Panda miti, mvua itakuja, mito itafufuka. Njombe imepanda miti kuliko karibu mkoa wowote: miwati tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949, kisha misindano na milingoti, hadi mtumishi wa serikali aliyeko Mwanza ana ekari zake huku. Miti imesomesha watoto, siwezi kuitukana. Ila miti inakunywa, na ile yenye mizizi mirefu inakunywa hata wakati nyasi zimelala.

Kuna utafiti wa zamani uliofanyika jirani zetu, katika safu ya milima ya Mbeya, kwenye udongo wa majivu ya volkano. Kuanzia mwaka 1958, kwa takriban miaka 10, wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki walipima vijito viwili. Kimoja kilitoka kwenye msitu wa asili, kingine kwenye mteremko mkali uliolimwa na wanakijiji. Kila mtu angebashiri kwamba kijito cha mashambani kitakauka. Kiangazi, kijito hicho kilitoa maji mengi kuliko cha msituni, takriban mara mbili, na mmomonyoko ulikuwa mdogo kwa sababu udongo ule humeza mvua hata ukiwa umelimwa. Matokeo hayo si ruhusa ya kufyeka misitu. Kwenye udongo mwingine, uliokanyagwa na ng'ombe au kufungwa na mvua, hadithi ingekuwa kinyume kabisa, na msitu una kazi nyingine nyingi. Yanachosema ni kwamba kwenye nchi ya majivu kazi ya kuchelewesha inafanywa na ardhi, na anayeweka juu yake mmea wenye kiu lazima ahesabu kiu hiyo. Yanashangaza leo kwa sababu hatuyasomi. Tungeyasoma, agizo la kung'oa milingoti kwenye vyanzo vya maji lingekuja mapema zaidi na lingeeleweka.

Makambako wanaweza kutufundisha hili kwa kukosa. Mji huo uko kilomita 60 hivi tu kutoka Njombe, kwenye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Una biashara, una watu, una upepo mwingi kiasi cha watu kupanga kuufua umeme. Mvua yake ni ndogo kuliko ya Njombe, ardhi yake imelala, na maji yamekuwa tabu yake ya miaka yote. Uko katika orodha ya mradi wa maji wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo kutoka India. Bomba ni jambo jema. Lakini bomba halicheleweshi maji, linayawahisha tu kutoka mahali ambapo kitu kingine kimeyachelewesha, na kitu hicho hakimo kwenye mkataba.

Huko tundra sakafu sasa inayeyuka. Ndani ya ardhi ile kuna kabari za barafu zilizojijenga kwa karne nyingi: baridi kali hupasua udongo, maji ya kuyeyuka huingia kwenye ufa na kuganda, mwaka unaofuata ufa unapasuka tena mahali palepale. Zinapishana na kuigawa nchi katika vipande vyenye pembe nyingi, kila kipande kikishika dimbwi lake. Kutoka juu ungedhani ni vinyungu vilivyochimbwa na mtu. Kabari zikiyeyuka, mahali pake panabaki mitaro, mitaro inaungana, na madimbwi yaliyokaa hapo tangu kabla ya historia yanamwagika ndani ya msimu mmoja. Kuna maziwa yaliyotoweka hivyo. Mahali pengine ardhi iliyodidimia imezaa maziwa mapya. Hakuna mkulima wa kulaumiwa huko. Waliochoma makaa ya mawe na mafuta wako mbali, na hawajawahi kuona kabari.

Mfinyanzi wetu hauyeyuki. Unatobolewa kwa jembe, sasa pia kwa mashine inayochimba kwa asubuhi moja mfereji ambao kijiji kingeuchimba kwa mwezi, na bei ya viazi na parachichi inapopanda watu wenye mtaji wanashuka bondeni na mashine hizo. Mfereji wa mita mbili si mfereji wa mama yule. Hauzibiki kwa bonge la udongo. Kama kuna kipimo ambacho ningependa kiandikwe sheriani badala ya mita 60 ni kina cha mfereji, na kingine kiwe ni wajibu wa kuuziba baada ya mazao kushika.

Na vipimo vya mtoni vingefuatiliwa zaidi Novemba. Aprili kila mto unapendeza. Bodi za maji za mabonde zina vituo kwenye mito mikubwa, vya kutosha kujua mafuriko, lakini mstari wa kijani kwenye mkunjo wa kilima hauna kituo na hautapata. Tarehe ambayo mfereji wa kinyungu unakauka inajulikana, hata hivyo, na kila mwenye kinyungu. Anaijua ya mwaka huu na ya mwaka jana, anajua mwaka ambao haukukauka kabisa na mwaka ambao ulikauka Agosti. Ingegharimu daftari moja kwa kila kitongoji, na karani angekuwa yule anayezama kwenye tope hilo kila asubuhi.